Bibi Dokta Anajibu: Hivi Madaktari Wanaipinga Bima ya Afya kwa Wote?

Wasomaji wangu, mwezi huu meseji zimekuja nyingi mpaka simu inajaa, na karibu zote zinazunguka jambo moja, bima ya afya kwa wote na jinsi madaktari wanavyoisema. Nimechagua chache. Mie nimefanya udaktari miaka 31, mingi yake hapa hapa Tanga, sasa nimestaafu, kwa hiyo haya ni yangu niliyoyaona kwa macho, sisemi kwa niaba ya wizara wala chama chochote.

Shikamoo Bibi Dokta. Mie nauza samaki, nachukua pale Deep Sea nazungusha Ngamiani. Juzi nimempeleka mama yangu hospitali, ana presha, nikawa namuuliza nesi habari za kukata bima, daktari kijana akanisikia akasema mama we kata tu lakini ukija na hiyo kadi hapa dawa hamna, usije ukanilaumu. Nimerudi nyumbani sina raha. Kama daktari mwenyewe haitaki hiyo bima mie niitake kwa lipi? Nikate au niache?
*Mama wa samaki, Ngamiani*

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole sana, mwambie chumvi apunguze na dawa asiache hata siku anayojisikia mzima.

Sasa hebu yarudie maneno ya yule kijana taratibu. Hajasema bima mbaya. Kasema dawa hamna. Hayo ni mambo mawili na watu wengi wanayachanganya, wanasikia daktari analalamika wanajua kaikataa bima yenyewe. Mie nimekaa na madaktari wenzangu miaka yote hiyo, zamu za usiku, semina, misibani, na kwakweli sikumbuki hata mmoja aliyesema mgonjwa maskini asiwe na bima. Kinachowachoma ni kusimamishwa pale mbele ya mgonjwa mwenye kadi mkononi halafu wao ndo wamwambie hakuna.

Kuna siku moja sijaisahau. Jumatatu, klinika ya presha na sukari, kituo sikitaji. Akaingia bibi mmoja kutoka Mwambani na kadi yake ya CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, kaifunga kwenye pembe ya leso pamoja na nauli ya kurudia, fundo limekaza akalifungua kwa meno, kadi yenyewe ipo ndani ya kijimfuko cha nailoni isije ikaloa. Nikampima, 190 kwa 110. Nikamwandikia amlodipine, dawa ya presha, akaenda dirishani, dakika tano nyingi karudi na kile kikaratasi, pembeni ya dawa wamemwandikia kwa peni nyekundu OS, yaani imeisha. Akakaa kwenye kiti akaanza kuikunja ile leso polepole, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hii kadi basi ni ya nini?" Nilitoa hela yangu akanunuliwa duka la nje. Lakini nyuma yake kwenye benchi walikuwa kumi na kitu na kadi zao, na mie mshahara wangu si bohari.

Ile dawa ilikuwa wapi? Kituo kikimtibu mwenye bima kinajaza fomu, za NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ndo ile 2A na B ambayo unatia saini, fomu zinakusanywa mwezi mzima, zinapelekwa, zinakaguliwa, yenye kosa inakatwa, saini ikikosekana inakatwa, namba ya ugonjwa ikiwa haiendani na dawa inakatwa, kinachobaki ndo kinalipwa. Kituo kikilipwa ndo kinaagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD. Sasa malipo yakichelewa miezi kadhaa rafu inabaki tupu hata kama wewe michango yako ulilipa siku ya kwanza. Na hapo hapo Bohari nayo inaweza kuwa haina, kituo kikafuate kwingine na barua juu. Wewe mgonjwa huko kote huoni, unayemwona ni yule kijana aliyevaa koti jeupe.

Kwa hiyo jibu langu, kata mwanangu. Najua unapata hela ya leo kwa leo, na najua kuna msimu wa kusi bahari ikichafuka samaki hamna. Lakini ndo sababu yenyewe. Tangu mwaka 1993 tulipoanza uchangiaji, mgonjwa kulipia hospitali za serikali, nimeona watu wakiuza vitu ambavyo hawakutakiwa kuuza. Nimeona familia ya Sahare imeuza mashine ya boti ili kijana wao apasuliwe utumbo, kijana akapona vizuri kabisa, akarudi nyumbani hana cha kwendea baharini. Presha ya mama yako unaweza kuimudu vidonge kwa vidonge. Operesheni ya usiku wa manane huiwezi na mie siiwezi. Ila kabla ya kutoa hela muulize mwandikishaji mambo matatu: kadi inafika mpaka hospitali ya rufaa au inaishia zahanati, dawa gani za presha zimo kwenye kitita, yaani orodha ya wanavyolipia, na inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi. Asipojua mwambie akaulize aje.

Dokta, mimi naendesha bajaji Chumbageni. Mwezi wa tatu 2024 wife alikuwa mjamzito tukaenda hospitali binafsi aliyokuwa anahudhuria siku zote, mapokezi wakasema kadi za NHIF wamesitisha, lipa keshi. Wakati mwajiri wake anamkata kila mwezi! Nilichukia sana. Hivi nyie madaktari kiapo chenu ni cha mgonjwa au cha hela?
*Dereva, Chumbageni*

Kuchukia kwako ni haki, na pole kwa mkeo, nimefurahi uliponiandikia mwisho kwamba alijifungua salama.

Kilichotokea ni hivi. NHIF walitoa kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa wanazolipia pamoja na bei ya kila moja. Kilikuwa kianze Januari kikasogezwa, kikaanza tarehe 1 Machi 2024. Baadhi ya bei zilipandishwa, nyingine zilishushwa, na hospitali binafsi wakasema kwa bei hizi tunatibu kwa hasara, baadhi wakafunga dirisha la bima siku hiyo hiyo. Serikali na wenye hospitali wakavutana siku kadhaa, huku wagonjwa mko barabarani na kadi zenu.

Mie nina maoni yangu na nayasema wazi. Kwenye hesabu hospitali zilikuwa na hoja. Hospitali binafsi hailipiwi mishahara na serikali, inalipa umeme, dizeli ya jenereta, maabara, na dawa wananunua kwa dola inavyopanda. Ukiambiwa huduma inayokugharimu kumi utalipwa saba utaifanya mara ngapi? Mfuko nao walikuwa na hoja, maana kuna vituo vilikuwa vinapeleka fomu za wagonjwa ambao hawakutibiwa, vipimo ambavyo havikufanyika, na madaktari wenzangu wengine walitia saini zao pale, hilo linaniuma kulisema lakini ni kweli na mfuko wenyewe umelisema hadharani mara nyingi. Hela ya udanganyifu inatoka kwenye mfuko huo huo unaotakiwa kumlipia mkeo.

Lakini kumfungia dirisha mama mjamzito ili kuushinikiza mfuko, hapana. Hapo sina utetezi. Mgombane ofisini, mkapeleke mahakamani, mama ana wiki 36 anasubiri nini? Mkataba ukitaka kuvunjwa upewe muda, mgonjwa ajulishwe, na aliye katikati ya matibabu amaliziwe. Na ujue daktari aliyekuwa zamu siku ile wala si yeye aliyeamua, ni mwenye hospitali. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa zamani kwenye kituo kimoja kama hicho, alinipigia usiku analia kwa sababu kamrudisha mtoto wa pumu.

Bibi Dokta, mimi nina miaka 67, mstaafu wa mkonge, sina pensheni. Nasikia wazee tunatibiwa bure, lakini mbona naambiwa nilipe?
*Mzee wa Pongwe*

Shikamoo mzee wangu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Neno linaloleta shida ni hilo "asiye na uwezo", maana kituo kinataka uthibitisho. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au kijiji upate barua ya utambulisho, kisha ustawi wa jamii wa halmashauri, watakuingiza kwenye orodha na kukupa kitambulisho. Ukifika hospitali na hicho ukaambiwa ulipe, usibishane dirishani ukapandisha presha, omba uonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kila hospitali ya mkoa anaye.

Halafu niongeze kitu ambacho wananchi hawaambiwi. Msamaha huu kwa daktari ni mzigo wa aina yake, kwa sababu kituo kinakutibu bure lakini hakuna anayekirudishia hiyo gharama, inamezwa. Ndo maana wenzangu wengi walifurahi waliposoma ile sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 kwamba kutakuwa na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vimetajwa, kodi za vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na kadhalika. Mzee wa mkonge akiwa na kadi iliyolipiwa, kwa kituo anakuwa mgonjwa anayelipa sawa na mwalimu. Kwangu mie hicho ndo kipande kizuri kuliko vyote kwenye sheria nzima, na ndo kinachotakiwa kusimamiwa kwa macho mawili, hela ya soda na bia ifike kweli.

Habari dokta, mimi ni mtoto wa Makorora nasoma udaktari mwaka wa tatu Dar. Darasani tulibishana, mwenzangu akasema madaktari duniani kote huwa wanapinga serikali ikigusa mfumo wa afya, ni tabia ya taaluma. Ni kweli? Na sisi tukimaliza tusimame wapi?
*Mwanafunzi*

Mwanangu umeniuliza swali ambalo nalipenda.

Mwenzako ana nusu ya ukweli. Uingereza walipotaka kuanza huduma ya afya ya taifa, chama cha madaktari chao kilipiga kura Februari 1948, zaidi ya 40,000 wakakataa, waliokubali hawakufika 5,000. Waziri wao Aneurin Bevan akakaa nao, akakubali madaktari wa mitaani wasigeuzwe waajiriwa wa serikali, mabingwa wakaruhusiwa kuendelea na wagonjwa wao binafsi, na tarehe 5 Julai mwaka huo huo huduma ikaanza. Leo jaribu kuwaambia madaktari wa Uingereza uifute, watakuandamania. Kanada, jimbo la Saskatchewan, mwaka 1962 madaktari waligoma siku 23 kupinga bima ya jimbo, wakaafikiana, na mfumo ule baadaye ukaenea nchi nzima. Marekani chama chao kikubwa kilipiga vita mpango wa rais Truman wa bima ya afya ya taifa miaka ya 1940, kikapinga Medicare ya wazee iliyopitishwa 1965, lakini ya Obama mwaka 2010 kikaiunga mkono. Kwa hiyo unaona, wanabadilika. Wakikataa, mara nyingi wanaogopa mawili, kipato na kuamriwa jinsi ya kutibu. Yakizungumzwa mezani wanarudi kazini.

Sisi hadithi yetu ni tofauti na msiibebe ya wazungu mkaivaa. Hapa hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku 1977 zikarudi 1991, kwa hiyo daktari wa Tanzania amezaliwa kikazi ndani ya serikali, haiogopi serikali kuingia kwenye afya kwa sababu haijawahi kutoka. Mgomo wa 2012 mlikuwa wadogo, ulianza na madaktari wa mafunzo kazini pale Muhimbili mwezi Januari, ukarudi tena Juni. Madai yalikuwa mishahara na posho, ndiyo, lakini yalikuwemo pia vifaa vya kutibia. Watu walishika lile la mishahara tu. Mie wakati ule nilikuwa wodini, na nakwambia mgomo ule ulituumiza pande zote, kuna wagonjwa walikosa huduma na hilo haliwezi kupakwa rangi, na kuna vijana hodari sana waliondoka kwenye kazi hii wasirudi.

Jirani zetu hapo ng'ambo ya Horohoro nao waangalie. Kenya waliifuta NHIF yao, Oktoba 2024 wakaanza SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, mtu anakatwa asilimia 2.75 ya kipato. Hospitali zikalalamika madeni ya mfuko wa zamani hayajalipwa na mfumo mpya wa kompyuta unagoma, mgonjwa kasajiliwa haonekani. Madaktari wa kule hawakusema wananchi wasiwe na bima, walisema lipeni deni kwanza. Ni wimbo ule ule wa yule daktari kijana aliyemjibu mama wa samaki.

Msimame wapi? Mkisema, semeni vitu viwili kwa wakati mmoja bila kuona haya. Semeni maslahi yenu, daktari naye ana watoto, na anayejifanya hataki hela msimwamini. Na semeni ya mgonjwa kwa hesabu iliyoandikwa, dawa gani ilikosekana, siku ngapi, nani aliathirika. Mkisema la kwanza peke yake wananchi watawaacha peke yenu, hicho nimekiona 2012 kwa macho yangu.

Dokta, Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilinisaidia sana mwanangu ana tatizo la moyo, nikalipa 50,400 tu kwa mwaka. 2023 wakasitisha. Kwanini wanasitisha kitu kizuri?
*Mama wa Duga*

Mamangu, nimekuelewa, na ni kweli ilikuwa nzuri kwako. Tatizo lilikuwa wazazi wengi tulisubiri mtoto augue ndo tukimbilie kadi. Mfuko ukajikuta una watoto wagonjwa watupu, michango kidogo, matibabu makubwa. Bima inaishi kwa wazima kuchangia wagonjwa, kama mchezo wa upatu ambao kila mtu anataka apokee wa kwanza, utavunjika. Ndo maana madaktari wengi, hata wanaolalamika kila siku, wanakubaliana na serikali kwenye hili la kila mtu aingie. Sheria iliyopitishwa Bungeni Novemba 2023, tena waziri aliyeisimamia akiwa Ummy Mwalimu mbunge wetu wa Tanga Mjini wa wakati ule, msingi wake ni huo. Muswada wa kwanza wa 2022 ulikuja na habari za kumnyima asiye na bima leseni ya udereva na laini ya simu, watu wakapiga kelele na nafikiri walipiga vizuri, ukarudishwa ukapikwa upya.

Kwa mwanao usikae kusubiri. Moyo wa mtoto unaendeshwa na klinika zisizokosekana. Nenda ofisi ya NHIF hapa mjini na kadi ya zamani, cheti cha kuzaliwa na karatasi za daktari wa moyo, uulize yuko kundi gani sasa, na kama mzazi mmoja ana ajira rasmi mwingizeni kama mtegemezi, mchango wa asilimia 6 ya mshahara, tatu yake tatu ya mwajiri, unabeba mwanachama, mwenza na wategemezi mpaka wanne.

Bibi Dokta shikamoo, mimi ndo daktari kijana, si yule wa mama wa samaki lakini ningeweza kuwa mimi. Nina mwaka wa pili kazini kituo cha afya. Kila siku naandika dawa najua hazipo. Nikiwaambia wagonjwa ukweli naambiwa nachafua kituo, nikinyamaza wananiona mwizi wa dawa. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Nimeisoma yako mara tatu.

Kwanza usimwambie mgonjwa "bima haina maana" hata ukiwa umechoka vipi, kwa sababu atakuamini, ataacha kulipa, na siku ya operesheni atakuja mikono mitupu kwako wewe wewe. Mwambie, dawa hii leo imeisha, mbadala wake ni huu, au kituo cha jirani ipo nimepiga simu. Na kweli piga simu, shilingi mia mbili ya vocha.

Pili, tulichofanya sisi. Baada ya yule bibi wa Mwambani nilinunua daftari la kaunta, nikampa mfamasia wetu, nikamwambia kila unapoandika OS kwenye cheti cha mgonjwa andika na humu, tarehe na dawa basi, jina la mtu usiweke. Akanuna wiki ya kwanza, baadaye akawa analilinda kuliko mimi. Ikafika siku ya kikao cha kamati ya usimamizi wa kituo, ile yenye wawakilishi wa wananchi, unajua tangu 2017/18 hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na kamati ndo inaidhinisha matumizi, lakini kamati nyingi zinakaa zinakunywa soda zinasaini. Siku hiyo nikalifungua daftari nikasoma. Amlodipine, siku 19 ndani ya mwezi mmoja. Metformin, ile ya sukari, siku 11. Nikasoma mpaka mwisho bila kuongeza neno. Mwenyekiti alikuwa mzee mvuvi, hajasoma sana, akavua kofia akaiweka kwenye goti, akamuuliza mhasibu, "Akaunti ina kitu?" Mhasibu akasema kipo, kilitengwa kwa rangi ya jengo. Mzee akasema jengo litasubiri kusi ipite.

Dawa zililetwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwenye maboksi matatu, na yule mfamasia akaanza ukurasa mpya.